Homa iliyojificha katikati ya dozi: kisa cha mama aliyejifungua kwa upasuaji mkoani Mtwara

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mkoani Mtwara. Jina la mama, umri wake, kijiji, mwaka na kila kitu ambacho kingemfanya jirani amtambue vimeondolewa. Mwenyewe alikubali kisa chake kitumike kufundishia. Mimi ni muuguzi, na nilikuwa miongoni mwa waliokaa kulipitia jalada lake baada ya yeye kuruhusiwa.

Nimekiandika kwa sababu kinagusa jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiria: saa tunayompima mgonjwa joto. Mama huyu alikuwa na homa kwa zaidi ya siku nzima huku chati yake ikionyesha hana. Homa hiyo ilinaswa na kihisi kidogo kilichobandikwa kwapani. Lakini kihisi hichohicho kilikuwa kimeshalia na kupuuzwa, na siku kilipoaminiwa, homa yenyewe ikapewa sababu isiyo yake. Ndiyo maana sipendi kisa hiki kisimuliwe kama ushindi wa kifaa.

Mazingira

Ulikuwa msimu wa korosho, kabla mvua hazijashika vizuri. Miezi hiyo pwani ya Kusini hewa huwa nzito, joto la mchana haliondoki hata usiku, na umeme ukikatika feni za wodini husimama. Zamu ya usiku ilikuwa na wauguzi wawili kwa wodi iliyojaa.

Hospitali ilikuwa imepata vihisi vichache vya kuvaa kwa majaribio. Ni kibandiko chepesi kinachokaa kwapani, ndani yake mna kipimajoto cha umeme na betri ndogo. Kila baada ya dakika chache hutuma kipimo kwa Bluetooth hadi kwenye kishikwambi kilichowekwa meza ya wauguzi. Hakihitaji intaneti, ila ukuta mnene au umbali wa vitanda vya mwisho hukata mawasiliano. Kishikwambi kilipangwa kitoe mlio joto likifika nyuzi 38 na kukaa hapo nusu saa. Mgonjwa aliingizwa kwa namba, bila jina. Makubaliano yalikuwa kwamba kihisi hakichukui nafasi ya chati ya kawaida, na kwamba hakuna uamuzi wa tiba utakaofanywa kwa namba ya kihisi peke yake: lazima muuguzi apime tena kwa kipimajoto cha kawaida, kwapa la upande wa pili.

Kanuni hiyo ilikuwa na sababu. Kwapa si kiini cha mwili. Kipimo chake kwa kawaida huwa chini ya joto la ndani kwa nusu nyuzi hadi nyuzi moja, na mkono ukiinuliwa au jasho likilegeza gundi, namba hushuka bila mwili kupoa. Kinachokipa kihisi thamani ni mwendo wa joto saa baada ya saa. Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig aliyechapisha mwaka 1868 vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, alipima kwapani vilevile, na alisisitiza kwamba joto la mgonjwa lisomwe kama mstari unaopanda na kushuka. Mwili wa mtu mzima hupoa zaidi alfajiri na kupanda joto jioni, tofauti ikiwa kama nusu nyuzi. Kwa hiyo nyuzi 37.6 ya saa 11 alfajiri na nyuzi 37.6 ya saa 11 jioni hazina uzito mmoja.

Kwa nini tuhangaike na siku za baada ya upasuaji? Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 kwenye jarida la Lancet uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji. Vifo 225 kati ya 239 vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe, na tatizo lililoongoza lilikuwa maambukizi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2016 lilieleza kwamba barani Afrika hadi mwanamke mmoja kati ya watano wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Meza ya upasuaji tumejitahidi kuilinda. Kitanda cha wodini, siku ya pili na ya tatu, ndipo tunapopoteza watu.

Mama alivyofika

Alikuwa mama wa umri wa kati, mimba ya tatu, aliyeletwa na gari la wagonjwa kwa rufaa kutoka kituo cha afya cha wilayani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku uliotangulia, chupa ilipasuka mapema, na mtoto hakushuka. Hadi anafika, zaidi ya saa 18 zilikuwa zimepita tangu chupa ipasuke, na alikuwa amepimwa njia mara kadhaa. Mambo hayo mawili humweka mama kwenye hatari kubwa zaidi ya maambukizi kuliko mwenzake anayefanyiwa upasuaji uliopangwa, na yaliandikwa wazi kwenye karatasi ya rufaa. Homa hakuwa nayo.

Alichomwa ganzi ya mgongoni, akapewa antibayotiki kabla ya kukatwa, na mtoto akatoka akilia. Mama mkwe wake ndiye aliyekuja kumuuguza. Walielezwa habari ya kihisi, wakauliza kama kitamdhuru mtoto anyonyaye, wakajibiwa, wakakubali. Kilibandikwa kwapa la kushoto wakati bado yuko chumba cha kupumzikia.

Yaliyotokea, siku kwa siku

*Siku ya upasuaji.* Namba ya kwanza iliyotulia ilikuwa nyuzi 35.3. Mama alikuwa akitetemeka. Kipimajoto cha kawaida kilisoma 35.5. Muuguzi alimfunika blanketi, akambadilishia shuka lililolowa, akazima kiyoyozi. Baada ya saa mbili alikuwa amerudi nyuzi 36.6.

*Siku ya kwanza.* Jioni joto lilipanda hadi 37.9. Daktari alimkagua kifua, matiti, tumbo la uzazi, damu ya uzazi, mrija wa mkojo na miguu, asione tatizo. Aliamua kutobadilisha dawa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Katika saa 48 za kwanza mwili hupanda joto kwa sababu ya jeraha la upasuaji lenyewe, na mara nyingi hakuna mdudu anayehusika. Ukimpa antibayotiki kila anayefika nyuzi 37.9 siku ya kwanza, unalea usugu wa dawa bila kumsaidia mgonjwa.

Mama alikuwa kwenye parasetamoli na diklofenaki kwa ajili ya maumivu, kila saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Joto, mapigo na presha vilipimwa saa 2 asubuhi, saa 10 jioni na saa 6 usiku. Naomba msomaji azishike saa hizi.

*Siku ya pili.* Chati ilisoma 36.9, kisha 37.1, kisha 37.0. Ripoti ya kukabidhiana zamu iliandikwa: mama anaendelea vizuri.

Saa 3 usiku ya siku hiyo kishikwambi kililia. Kihisi kilikuwa kikisoma 38.3. Muuguzi alipofika kitandani alimkuta mtoto amelala kwenye mkono wa kushoto wa mama, kichwa chake kimeingia kwapani, wote wawili wamefunikwa kanga. Alimhamisha mtoto, akasubiri kama dakika 20. Kihisi kikashuka hadi 37.7, na kipimajoto cha kawaida upande wa kulia kikasoma 37.5. Akaandika kwamba mlio ulikuwa wa uongo uliosababishwa na joto la mtoto. Kwa kuwa vihisi vya akina mama wengine wawili vilikuwa vimeshalia kwa sababu hiyohiyo usiku uleule, sauti ya kishikwambi ilipunguzwa watoto wasishtuke.

*Siku ya tatu.* Saa 11 alfajiri muuguzi aliyekuwa akipita aliona kwenye kioo cha kishikwambi nyuzi 38.5. Safari hii mtoto alikuwa kwa bibi yake. Kwapa la kulia lilisoma 38.3 na mapigo yalikuwa 112 kwa dakika. Alimwita tabibu wa zamu, akaja mara moja. Kipimo cha haraka cha malaria kilitoa mistari miwili, yaani chanya. Damu ya slaidi, ile ya kutazamwa kwa darubini, ilichukuliwa palepale na kupelekwa maabara. Kidonda kilitazamwa kwa juu: bandeji kavu, safi, haina harufu. Tabibu akaandika malaria na kuanzisha dawa mseto. Saa 12 asubuhi mama akameza dozi ya kwanza pamoja na parasetamoli na diklofenaki zake za kawaida.

Saa 2 asubuhi chati ilisoma 37.0. Kwenye raundi ya saa 3 kila aliyesimama pale alifurahi. Malaria imeonekana, dawa imeanza, homa imeshuka. Mama alipangiwa kuruhusiwa kesho yake. Familia nayo ilikuwa na haraka, kwani korosho zilikuwa chini ya miti zikisubiri mikono.

Saa 7 mchana kihisi kilisoma 38.2, na saa 3 usiku 38.6. Sauti ilikuwa chini, hakuna aliyesikia. Chati ya saa 10 jioni ilisoma 37.2 na ya saa 6 usiku 37.1.

*Siku ya nne.* Saa 11 alfajiri, 38.8.

Saa moja na nusu asubuhi muuguzi aliyeingia zamu alipitia kumbukumbu za kishikwambi kabla ya kumwandaa mama kuruhusiwa. Kioo kinaonyesha joto peke yake. Yeye alichukua karatasi ya mraba, akachora mwendo wa joto wa siku mbili kwa kalamu ya bluu, halafu akatia mstari mwekundu kila saa ambayo dawa ya maumivu ilitolewa. Mwishowe akaweka nukta pale chati ilipopimwa. Mchoro ulitoka kama meno ya msumeno: joto linapanda, dozi inaingia, linashuka, linapanda tena. Nukta zote za chati zilikuwa zimeangukia chini ya meno. Hata moja haikuwa juu.

Alimwendea mama mkwe.

"Bibi, mkwe wako homa inamjia saa ngapi?"

"Inakuja vidonge vikikaribia, sista. Akishameza inamwachia. Mimi ndiye ninayemkanda na kitambaa."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia aliyekuja jana. Akaniambia ni malaria, itaisha."

"Na malaria ya mwisho aliumwa lini?"

"Mwezi uliopita, kabla hajajifungua. Alimaliza dawa zote. Kadi si hiyo hapo?"

Kadi ya kliniki ilikuwa chini ya mto. Tiba ya dawa mseto ilikuwa imeandikwa, wiki tatu na siku chache kabla ya upasuaji. Muuguzi alipiga simu maabara. Majibu ya slaidi yalikuwa tayari tangu jana mchana, hakuna aliyeyafuata: vimelea havikuonekana.

Uamuzi wa siku ya nne na sababu zake

Daktari alisimamisha ruhusa. Kulikuwa na pendekezo la kumwachisha dozi moja ya parasetamoli ili homa ionekane wazi. Lilikataliwa, na nafurahi lilikataliwa. Mama mwenye jeraha la tumbo anayetakiwa kuinuka, kunyonyesha na kutembea hapaswi kuachwa na maumivu ili sisi tujiridhishe. Badala yake kipimo kilisogezwa kabla ya dozi. Saa 7 na nusu mchana kipimajoto cha kawaida kilisoma 38.4, mapigo 116.

Bandeji ilifunuliwa yote. Kona ya kushoto ya mshono ngozi ilikuwa nyekundu, ya moto na ngumu, eneo la upana wa vidole viwili. Daktari alitoa nyuzi chache za mshono wa ngozi na usaha ukatoka. Utando mgumu wa chini uliofunika misuli ulikuwa umeshikilia, tumbo la uzazi limekaza, damu ya uzazi haina harufu. Usaha ulitumwa kuoteshwa, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chumvi na kuachwa wazi kwa gozi, na antibayotiki za mshipa zikaanzishwa kufuata mwongozo wa matibabu. Dawa mseto ilikamilishwa, kwa kuwa ilikuwa imeshaanzwa na kuikatisha njiani hakukuwa na faida.

Matokeo

Ndani ya siku mbili homa iliisha, hata katika saa za kabla ya dozi. Majibu ya maabara yalionyesha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus anayesikia antibayotiki ya kloksasilini, na dawa ikabadilishwa kulingana na hayo. Kidonda kilisafishwa kila siku, na mama aliruhusiwa kwenda kuendelea na usafishaji zahanati ya karibu na kwao. Mtoto alinyonya muda wote. Siku ya 30 alirudi kukaguliwa: kidonda kilikuwa kimefunga, na kovu pana kidogo upande wa kushoto.

Angeruhusiwa asubuhi ile ya siku ya nne, usaha ungefunguka nyumbani, mbali na hospitali, akiwa na vidonge vinavyoificha homa na imani kwamba anatibiwa malaria.

Uchambuzi: ratiba iliyoficha homa

Jambo kubwa kuliko yote ni lile la saa. Parasetamoli hushusha joto zaidi kati ya saa moja hadi tatu baada ya kumezwa, kisha nguvu yake hupungua. Chati yetu ilipimwa saa mbili baada ya kila dozi, mchana na usiku. Hakuna aliyeipanga hivyo kwa makusudi. Dawa zilipangwa na ratiba ya dawa, vipimo vikapangwa na ratiba ya zamu, na hakuna aliyewahi kuziweka ratiba hizo mbili kwenye karatasi moja. Wauguzi walipima kwa uaminifu, kwa kipimajoto kizima, saa iliyoandikwa. Namba zote zilikuwa za kweli.

Na hili ndilo linaloniuma. Kipimajoto cha kawaida, saa 11 alfajiri, kingeiona homa hii bila kihisi chochote. Tena ile ya alfajiri ilistahili kushtua kuliko nyingine, maana ni saa ambayo mwili wenye afya huwa katika kiwango chake cha chini. Nyuzi 38.5 alfajiri haielezeki kwa joto la wodi wala kwa uchovu wa uzazi.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu waliosema basi vihisi havina kazi. Wauguzi wawili wa usiku, wenye mama aliye na kifafa cha mimba kitanda kimoja na mwingine anayevuja damu kitanda kingine, hawawezi kuzunguka kila kitanda kila saa. Kihisi kiliwaonyesha saa ambazo macho yao hayakuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma mwendo ule wote pamoja na dawa, na kazi hiyo ilifanywa na kalamu mbili na karatasi. Kifaa chenye kioo kinachoonyesha joto bila saa za dawa ni nusu ya kifaa. Mtu anayefikiria kununua vihisi kwa wodi ya upasuaji aulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Uchambuzi: mistari miwili ya malaria

Mtwara ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi nchini, na tabibu aliyepima malaria saa 11 alfajiri alifanya alichotakiwa kufanya. Tatizo lilianza pale jibu lilipofunga mlango. Kipimo cha haraka tunachotumia hutafuta protini inayotolewa na kimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mama aliyetibiwa wiki tatu zilizopita anaweza kutoa mistari miwili akiwa hana malaria. Kwake swali la kwanza lilikuwa "umetibiwa malaria lini?", na jibu lilikuwa chini ya mto wake.

Hata angekuwa na malaria kweli, mwili mmoja huweza kubeba malaria na jipu kwa pamoja. Baada ya upasuaji, malaria chanya haiondoi wajibu wa kufunua kidonda, kugusa tumbo na kupima mkojo. Na slaidi iliyochukuliwa bila mtu wa kuyafuata majibu yake ni sawa na slaidi isiyochukuliwa.

Halafu likaja kosa la pili juu ya la kwanza. Saa mbili baada ya dozi, joto liliposhuka hadi 37.0, sifa ilienda kwa dawa mseto. Zilizoshusha joto ni dawa za maumivu, parasetamoli na diklofenaki. Kila mara mgonjwa anapopewa vitu viwili kwa pamoja na hali ikabadilika, ni lazima kujiuliza ni kipi kilichofanya kazi, na pale pasipojulikana, kutoandika kwamba "homa imeitika tiba ya malaria". Maneno hayo yaliandikwa kwenye jalada, na zamu mbili zilizofuata ziliyasoma kama ukweli.

Uchambuzi: mtoto, bandeji, baridi

Mlio wa saa 3 usiku wa siku ya pili uliitwa wa uongo. Ukiutazama mchoro sasa, ulikuwa na ukweli ndani yake. Mtoto aliongeza joto, lakini hata baada ya kumwondoa, mama alibaki na 37.7, saa moja kabla ya dozi, wakati asubuhi alikuwa 36.9. Muuguzi alifuata kanuni vizuri kabisa: alitafuta sababu, akasubiri, akapima upande wa pili. Kilichopotea ni namba ya mwisho, kwa sababu neno "uongo" lilikuwa zito kuliko 37.7 iliyoandikwa pembeni yake. Vihisi hivi havikutengenezwa kwa kumfikiria mama anayelala na mtoto mchanga kwapani chini ya kanga. Kwa wodi za wazazi za huku, hiyo si hali ya pekee, ndiyo hali ya kila kitanda.

Kupunguza sauti kulikuwa na huruma ndani yake, lakini hakukuandikwa kwenye ripoti ya kukabidhiana zamu. Zamu iliyofuata iliamini ukimya.

Bandeji kavu haikuthibitisha chochote. Usaha ulikuwa chini ya ngozi, haujapata njia.

Lile la baridi limepita kimya kwa sababu liliisha vizuri, nami naliona ni la pili kwa uzito. Katika mji ambao mtu hutokwa jasho akiwa amekaa, hakuna anayewaza mgonjwa kupoa. Lakini ganzi ya mgongoni hupanua mishipa na joto likatoka, chumba cha upasuaji kina kiyoyozi, na shuka huwa limelowa. Utafiti wa mwaka 1996 kwa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana ulionyesha kwamba walioachwa wapoe walipata maambukizi ya kidonda asilimia 19, na waliopashwa joto asilimia 6. Mama wetu alikuwa 35.3 na kihisi kikatuambia mapema. Siwezi kusema kupoa kule ndiko kulikoleta usaha, ila naweza kusema kwamba kabla ya vihisi hatukuwa tukipima joto pale mama anapotoka meza ya upasuaji.

Sauti ya mama mkwe

Bibi huyu alijua mwendo wa homa kabla ya mchoro. Alikuwa akimkanda mkwewe saa zilezile ambazo kihisi kilipanda, na alisema. Chati yetu haina mahali pa kuandika alichosema anayeuguza. Anayeuguza ndiye pekee asiyebadilishana zamu. Alikuwa pale saa 11 alfajiri, saa 7 mchana na saa 3 usiku. Sisi hatukuwepo.

Kilichobadilika wodini

Vipimo vya joto kwa waliofanyiwa upasuaji vimehamishiwa saa moja kabla ya dozi ya dawa ya maumivu. Haikuwa rahisi. Saa 11 alfajiri ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa zamu ya usiku, na ilibidi usafi wa asubuhi usogezwe mbele ili kipimo kipate nafasi. Kwenye chati kumeongezwa safu ya saa ya dozi ya mwisho, karibu na safu ya joto, na mstari mmoja wa maneno ya anayeuguza.

Vihisi vichache vilivyopo sasa vinawekewa mama aliyekaa muda mrefu na chupa iliyopasuka, aliyepungukiwa damu, au aliyefanyiwa upasuaji wa dharura. Mlio ukitokea, namba inayoandikwa ni ile ya upande wa pili baada ya mtoto kuhamishwa, na neno "uongo" haliandikwi. Sauti ikipunguzwa, inaandikwa nani kapunguza na saa ngapi. Malaria ikiwa chanya kwa mama wa upasuaji, bandeji inafunuliwa kabla dawa mseto haijatolewa.

Suala la nyumbani bado halijapata jibu. Maambukizi ya kidonda hufuatiliwa hadi siku ya 30, na mengi hujitokeza mama akiwa ameshaondoka. Kihisi hakiwezi kwenda naye kijijini, kwa kuwa kishikwambi cha kukipokea kiko hapa. Kwa sasa mama anayeruhusiwa akiwa bado na vidonge vya maumivu anaelekezwa, yeye na anayemuuguza, kwamba joto lipimwe au liguswe kabla ya kumeza, na kwamba akihisi moto saa hiyo aende zahanati siku hiyohiyo, hata kama kidonge kitamfanya ajisikie nafuu akiwa njiani.